Mtu aishi kwa ajili ya nini? Jibu la Ukristo na ushuhuda wa Ruyigi

Mtaa wa Asiatique mjini Bujumbura ulipata jina lake kutokana na wafanyabiashara wa Kiasia waliokaa hapo enzi za ukoloni. Katika mtaa huo wa maduka, Wakristo na Waislamu ni majirani. Biashara na malezi ya watoto hujaza siku, lakini haviondoi swali la kale: mtu aishi kwa ajili ya nini?

Ukristo hulijibu kwa neno moja: wito. Kwa mafundisho yake, mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, naye anaitwa ampende Mungu na jirani. Thamani yake haipimwi kwa mali wala cheo. Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika Algeria ya leo, aliufikia ualimu wa heshima mjini Milan, lakini moyo wake haukutulia. Alibatizwa mwaka 387.

Nchini Burundi, swali hilo liliulizwa katikati ya maafa. Tarehe 24 Oktoba 1993, siku tatu baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, washambuliaji walivamia nyumba ya askofu huko Ruyigi. Marguerite Barankitse, Mkatoliki na Mtutsi, alikuwa amewaficha Wahutu humo. Alifungwa kamba, akalazimishwa kutazama watu 72 wakiuawa.

Watoto 25 walinusurika, naye akawachukua awalee. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Maison Shalom, iliyowahudumia maelfu ya watoto bila kujali kabila. Mwaka 2015 Barankitse alikimbilia Rwanda, ambako aliendelea kuwasaidia wakimbizi wenzake.

Barankitse husema kuwa nguvu yake hutoka katika imani. Hata hivyo, imani hiyo haikueleza kwa nini wale 72 walikufa. Ilimwelekeza kwa waliobaki hai, waliomhitaji. Ndivyo Wakristo wanavyouelewa msalaba: haufuti maumivu, bali unashuhudia kwamba Mungu hamwachi anayeteseka, na ufufuo unaahidi kuwa mauti hayana neno la mwisho.

Si Wakristo pekee wanaoiona maana ya maisha katika kuwatumikia wengine. Lakini kwa Mkristo, wito haungoji siku ya maafa. Muuza duka wa Asiatique anayepima kwa haki na kumhurumia mdaiwa wake, tayari ameuitikia.