Bwawa la Maji ya Chumvi na Mtu Anayelitunza

Yasemwa siku hizi katika nyumba zenye mabwawa ya kuogelea, tangu Nyali hata Masaki, ya kuwa klorini imepitwa na wakati. Mwenye bwawa huambiwa kwamba akinunua chombo fulani cha umeme, akamwaga magunia machache ya chumvi majini, basi amekwisha achana na dawa, na watoto wake wataogelea katika maji yasiyo na klorini kana kwamba wamo baharini. Maneno haya ni matamu, na chombo chenyewe ni kizuri, walakini maneno hayo si kweli. Klorini imo ndani ya chumvi ile ile, imelala tu, na kazi ya chombo ni kuiamsha.

Huenda msomaji wetu akauliza gazeti lisomwalo na wafanyakazi lina shauri gani na bwawa la mwenye nyumba kubwa. Jawabu letu ni fupi. Mwenye nyumba huogelea. Lakini aingiaye katika chumba cha pampu asubuhi na mapema, akafungua ndoo ya dawa na kuvuta hewa yake, ni mfanyakazi. Badiliko lolote la bwawa ni badiliko la kazi yake, na mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kuelezwa. Ndiyo sababu twaona yafaa jambo hili lielezwe wazi, kwa faida yake na kwa faida ya anayemlipa mshahara.

Kwanza yafaa tujue klorini ni kitu gani. Ilipatikana mwaka 1774 na Carl Wilhelm Scheele huko Sweden, na mwaka 1810 Humphry Davy wa Uingereza akaonyesha kwamba ni elementi, akaipa jina litokanalo na neno la Kiyunani lenye maana ya rangi ya kijani iliyopauka. Ni hewa nzito kuliko hii tuivutayo, hutuama chini, nayo huyachoma mapafu. Tarehe 22 Aprili 1915 jeshi la Ujerumani liliifungulia dhidi ya adui zake karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, na watu wengi wakafa kwa kukosa pumzi. Lakini klorini hiyo hiyo ikitiwa majini kwa kiasi kidogo mno huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Mji wa Jersey City, Marekani, ulianza kuitia daima katika maji yake ya kunywa mwaka 1908, na miji mingi ikafuata. Katika bwawa la nyumbani yatakiwa miligramu 1 hadi 3 tu kwa kila lita ya maji.

Sasa tuje kwenye chombo. Chumvi ni muungano wa vitu viwili, sodiamu na klorini. Katika bomba lirudishalo maji bwawani, baada ya pampu na chujio, hufungwa kisanduku chenye mabamba ya titani yaliyopakwa utando mwembamba wa madini adimu ya ruteni au iridi. Umeme wa nguvu ndogo hupitishwa katika mabamba hayo, na maji ya chumvi yapitapo kati yake muungano ule huvunjika. Upande mmoja hutokea klorini, upande wa pili hutoka vipovu vya haidrojeni, na majini hubaki magadi makali. Klorini huyeyuka papo hapo na kuwa tindikali ya haipoklorasi, dawa ile ile ambayo unga na vidonge vya dukani huitoa vinapoyeyuka. Ikiisha kazi yake ya kuua vijidudu hurudi kuwa chumvi, ikapita tena katika mabamba, ikaamshwa tena. Kwa sababu hiyo chumvi haimalizwi na chombo. Wala jua haliipunguzi, maana maji yakikauka kwa joto chumvi husalia. Hupotea tu kwa maji yanayorushwa nje na waogeleaji, kwa mvuja, kwa maji ya kusafishia chujio, na kwa mvua ya masika inapolifurisha bwawa.

Kiasi chake si kikubwa kama watu wanavyodhani. Tuchukue bwawa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4, na kina cha wastani cha mita moja u nusu. Maji yake ni lita 48,000. Vyombo vingi hutaka kilo 3 u nusu za chumvi kwa kila lita 1,000, yaani kilo 168 kwa bwawa zima, ambazo ni magunia saba ya kilo 25 kasoro kidogo. Bahari ina kilo 35 katika lita 1,000. Basi maji ya bwawa hili ni sehemu ya kumi tu ya ukali wa bahari, na aliyezoea kuogelea Coco Beach akiyaonja atasema ni maji baridi yaliyoharibika kidogo.

Faida zake zipo, nasi hatutazificha. Klorini hutoka kidogo kidogo muda wote pampu izungukapo, badala ya kumwagwa nyingi asubuhi na kwisha jioni. Ngozi na macho hayaumii sana. Ile harufu kali inayodhaniwa kuwa ya klorini nyingi kwa hakika ni ya klorini iliyokwisha ungana na jasho na mkojo wa waogeleaji ikapoteza nguvu. Mahali dawa itokapo kwa utaratibu, harufu hiyo hupungua. Tena mtunza bwawa hapimi unga kila siku, na vumbi lake halimwingii puani. Kwa mtu aliyefanya kazi hiyo miaka kumi hili si jambo dogo.

Lakini tuliwahi kufika katika nyumba moja ya pwani, miezi michache baada ya chombo kufungwa, na tuliyoyaona huko ndiyo yaliyotusukuma kuandika. Mwenye nyumba alikuwa ameambiwa na aliyemwuzia kwamba mashine itafanya yote. Naye mtunza bwawa, mtu mzima mwenye adabu, akatuambia: “Mzee, siku ile walipofunga mashine walichukua hata kile kisanduku changu cha kupimia maji. Walisema hakina kazi tena.” Maji yalikuwa yamefifia kama maji ya mchele. Tulipopata kipimo, ile namba iitwayo pH, ambayo yafaa iwe kati ya 7.2 na 7.8, ilikuwa imepita 8.

Jambo hili lina sababu yake. Vipovu vya haidrojeni huyakoroga maji na kuifukuza hewa ya kaboni iliyomo, na hewa hiyo ikitoka pH hupanda, wiki baada ya wiki. Ikipanda, klorini hupungukiwa na nguvu hata kama ipo ya kutosha, na chokaa iliyomo majini huanza kujitenga na kugandamana, hasa juu ya mabamba ya chombo. Mabamba yakivaa chokaa, klorini haitoki. Dawa yake ni kutia tindikali ya hidrokloriki, kidogo kidogo, kwa kupima. Basi mfanyakazi yule aliyeambiwa ameachana na dawa kali alikuwa anahitaji tindikali kuliko zamani, na hakuna aliyempa glavu wala miwani.

Hata hivyo maji yaliyofifia husafishwa. Ubaya mkubwa zaidi ulikuwa ukingoni. Ukingo wa bwawa lile ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, mazuri kweli kweli. Kila aliyekulia pwani ameona ukuta wa mawe hayo ukitoka unga upande uelekeao bahari. Maji ya chumvi huingia katika vitundu vya jiwe, hukauka, na chembe za chumvi zinapokua humenya jiwe tabaka kwa tabaka. Yaliyoupata ukingo ule ndiyo hayo hayo. Ngazi ya chuma kisichoshika kutu ilikuwa na madoa mekundu kwenye viungio. Na nyuma ya chumba cha pampu, mahali yalipomwagwa maji ya kusafishia chujio, migomba minne ilikuwa imekauka majani kuanzia pembeni. Mnazi uliokuwa jirani haukudhurika, maana mnazi huvumilia chumvi. Mgomba hauvumilii hata kidogo. Mtunza bwawa alikuwa amelaumiwa kwa migomba hiyo, ati haimwagilii. Masikini, alikuwa akiimwagilia kila siku, naye hakuwa ameambiwa kuwa bomba la chujio lilikuwa likiitilia chumvi.

Haya yote yangeweza kuzuiwa kwa maneno ya nusu saa. Jiwe la ukingo hupakwa dawa ya kuziba vitundu, na huoshwa kwa maji matamu baada ya watu kuogelea. Vyuma huunganishwa kwa waya na kuzamishwa ardhini kama fundi umeme anavyojua, na wengine hufungia kipande cha zinki kiliwe na kutu badala ya ngazi. Maji ya chujio hupelekwa mbali na bustani na mbali na kisima.

Habari ya kisima yatukumbusha jambo ambalo wauzaji hulisahau. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi tangu asili, na bwawa lililotiwa klorini miaka mingi nalo hubaki na chumvi. Kwa hiyo maji hupimwa kabla ya kumwaga hata gunia moja, maana kuongeza ni rahisi, bali kupunguza hakuna njia ila kumwaga maji na kutia mengine. Yapimwe pia kwa ajili ya tindikali ya sianuriki. Hiyo ndiyo kinga ya klorini dhidi ya jua: pasipo kinga, katika jua kali nusu ya klorini hupotea kwa muda usiofika saa moja. Lakini vidonge vya zamani huiacha majini bila kukoma, na ikizidi sana klorini hufungwa mikono. Bwawa la namna hiyo hupunguzwa maji kwanza.

Chumvi nayo huchaguliwa. Ya kula haifai, maana imetiwa madini joto, na mara nyingine dawa ya kuzuia isishikamane, navyo vyaweza kutia madoa. Chumvi ghafi ya mashamba ya pwani, kama yale ya Gongoni au Bagamoyo, huwa na tope, magnesi na jasi, nayo huharakisha kuyavisha mabamba; itakiwayo ni iliyooshwa na kusafishwa. Humwagwa chombo kikiwa kimezimwa, hukorogwa kwa brashi hata iyeyuke, pampu huachwa ikizunguka siku nzima usiku na mchana, ndipo maji yapimwe na chombo kiwashwe. Bwawa lililopigwa plasta mpya lingojewe siku 30.

Kwa upande wa fedha, chombo chenyewe hakili umeme mwingi. Mlaji ni pampu, nayo hapana budi izunguke saa nyingi, maana ikisimama klorini haitoki. Mabamba hudumu miaka mitatu hata saba, kisha hununuliwa mengine kwa bei inayomshtua asiyeweka akiba. Na umeme ukikatika siku mbili za joto, maji huanza kugeuka kijani kama bwawa jingine lolote.

Kwa hiyo ndoo ya klorini haiondoki sturini, na hapa ndipo penye hatari ambayo twaomba kila mtunza bwawa aishike moyoni. Unga wa klorini na vidonge vya aina nyingine visichanganywe kamwe, hata kwa kutumia kijiko kimoja. Huweza kuwaka moto. Tindikali isiwekwe karibu na chochote kati ya hivyo, kwa kuwa zikikutana hutoka hewa ile ile ya Ypres, na chumba cha pampu kilichofungwa hakimpi mtu nafasi ya kukimbia. Wakati wa kuosha mabamba kwa tindikali iliyozimuliwa, tindikali ndiyo itiwayo majini, wala si maji kutiwa katika tindikali, na mlango uwe wazi.

Tulirudi katika nyumba ile baadaye. Bomba la chujio lilikuwa limegeuzwa, likamwaga chini ya minazi. Kisanduku cha kupimia kilikuwa kimerudi rafuni, pamoja na daftari la shule ambamo mtunza bwawa huandika namba zake kila asubuhi, na glavu zilikuwa zimening'inia msumarini. Tindikali ilikuwa imejengewa kijibanda chake nje, hatua kumi kutoka kwenye klorini. Migomba miwili ilikuwa imechipua upya. Ukingo wa matumbawe haukutengenezwa bado. Mwenye nyumba alisema anangoja bei ya fundi.