Spea za baiskeli ya 28 zagoma kwenye baiskeli ya gia

WACHUUZI wa dagaa na mihogo wa kata ya Mbaha, mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, wanaofikiria kuacha baiskeli za 28 na kununua baiskeli za gia, wanashauriwa kuangalia spea zilizoko dukani kabla ya kuangalia bei ya baiskeli yenyewe.

Sababu ni kwamba spea nyingi za baiskeli hizo mbili haziingiliani. Mchuuzi anaweza kupata baiskeli nzuri ya mtumba kwa bei ya chini, akaitumia miezi michache, kisha ikalala chini ya mwembe kwa kukosa tairi moja. Mtaji wake unakuwa umelala pamoja nayo.

Mbaha iko upande wa kaskazini wa Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Barabara ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay sasa ina lami, lakini Mbaha iko mbali na lami hiyo, kaskazini mwa Liuli. Mzigo wa huko bado unapita kwenye mchanga, kokoto na makorongo.

Ziwa liko kiasi cha mita 475 kutoka usawa wa bahari, na mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,200. Maana yake ni kwamba dagaa wa ufukweni huwafikia wanunuzi wa Umatengoni baada ya kupandishwa zaidi ya mita 700. Baiskeli hiyo hiyo hurudi ikiteremka, mara nyingi na mahindi au maharage nyuma. Kwa hiyo baiskeli ya mwambao hupimwa kwa mambo mawili: inapanda vipi na inasimama vipi.

HESABU YA MLIMA

Baiskeli za 28 zilizozoeleka nchini, kama Phoenix ya China na Hero ya India, zina gia moja tu. Yenye meno 44 mbele na 18 nyuma husogea zaidi kidogo ya mita 5 kwa kila mzunguko mmoja wa pedeli. Kwenye tambarare ni mwendo mzuri. Mlimani na gunia nyuma, mwenye baiskeli hushuka na kusukuma.

Baiskeli ya gia yenye tairi la 26, ikiwekwa kwenye meno 28 mbele na 28 nyuma, husogea kiasi cha mita 2 tu kwa mzunguko. Miguu inazunguka zaidi ya mara mbili na nusu, lakini uzito unaohisiwa kwenye pedeli unapungua kwa kiwango hicho hicho. Hapo ndipo mvuto wa baiskeli za gia ulipo.

Hata hivyo, kuna njia ya kati ambayo wengi hawaitumii. Fraiwili ya meno 18 ikitolewa na kuwekwa ya meno 22 kwenye habu ile ile, baiskeli ya 28 hupungua kutoka mita 5.4 hadi mita 4.4 kwa mzunguko. Kazi hiyo inahitaji fraiwili moja na kuongeza pingili mbili za cheni, au kusogeza gurudumu mbele kidogo kama nafasi ipo. Kwa mchuuzi asiyevuka milima mikali, hayo ni mabadiliko ya gharama ndogo kuliko kununua baiskeli nyingine.

NAMBA ZA TAIRI

Eneo linalowatia hasara wanunuzi wengi ni tairi. Namba kubwa inayotamkwa dukani, yaani 26 au 28, haitoshi. Matairi mawili yenye namba 26 yanaweza kukataa kabisa kuingia kwenye ringi moja.

Kipimo cha uhakika ni ile namba ya tarakimu tatu iliyoandikwa ubavuni mwa tairi baada ya mstari mdogo, kwa mfano 40-635. Hicho ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi, kwa milimita. Tarakimu hizo zikilingana, tairi litaingia. Zisipolingana, hakuna fundi wa kulilazimisha.

Baiskeli ya mizigo ya 28 x 1½ hutumia 635. Baiskeli za mtumba za Ulaya zenye maandishi 28 au 700C hutumia 622, na hizo za sasa zinazoitwa 29 ni 622 pia. Tofauti ya milimita 13 ni ndogo kwa macho, lakini tairi la 622 haliwezi kupanda kwenye ringi ya 635, na la 635 likiwekwa kwenye ringi ya 622 litachomoka likijazwa upepo.

Kwa upande wa 26, baiskeli ya gia ya milimani hutumia 559 na tairi lake huandikwa kwa nukta, kama 26 x 1.95. Baiskeli za mtumba za Japani, zile zenye kikapu mbele, huandikwa kwa sehemu, 26 x 1⅜, nazo ni 590. Kanuni rahisi kwa mnunuzi ni hii: nukta na sehemu si ndugu, hata kama hesabu inakaribiana.

Tyubu hazina ugumu huo kwa kuwa mpira hunyumbuka. Tyubu ya 26 yenye unene unaofaa hutumika kwenye 559 na 590, na ya 28 hutumika kwenye 622 na 635. Cha kuangalia ni mdomo wa upepo. Baiskeli nyingi za gia zina mdomo kama wa gari, na pampu ya baiskeli ya 28 haiukamati bila kiunganishi.

Ikumbukwe pia kuwa viwanda vikubwa vya Ulaya na Marekani viliacha kutengeneza baiskeli bora za 26 kuanzia miaka ya 2013 na 2014, vikahamia 27.5 na 29. Matairi ya 559 bado yanatengenezwa kwa wingi kwa ajili ya baiskeli za bei nafuu, lakini mitumba inayokuja itakuwa na 584 na 622 zaidi kadiri miaka inavyokwenda. Mwenye duka asiyejua hilo ataagiza mzigo usio na mteja.

CHENI NA GIA

Cheni zote mbili zina umbali sawa wa nusu inchi kati ya pini na pini, na ndiyo maana wengi hudhani ni moja. Tofauti iko kwenye upana wa ndani. Ya baiskeli ya 28 ina moja ya nane ya inchi, ambayo ni milimita 3.2. Ya baiskeli ya gia ina milimita 2.4. Cheni pana huweza kuzunguka kwenye jino jembamba la gia moja, lakini haipiti vizuri kwenye kibadilisha gia. Cheni nyembamba haikai kabisa kwenye jino nene.

Habari njema ni fraiwili. Habu nyingi za baiskeli ya 28, na zile za gia za bei nafuu ambazo fraiwili yake hufungwa kwa uzi, zina uzi wa kipimo kimoja. Kibadilisha gia kikivunjika na spea ikakosekana Mbamba Bay na Mbinga, fundi anaweza kuondoa mkusanyiko wa gia, akafunga fraiwili moja ya meno 20 au 22, akakata cheni na kuirudisha baiskeli kazini siku hiyo hiyo. Baiskeli za bei ya juu zenye gia za kuchomeka hazina uzi huo, na kwake njia hii haipo.

Mnunuzi wa baiskeli ya gia ahesabu pia gia za nyuma. Mikono ya gia inayobofya kwa mlio imepimwa kwa idadi maalumu. Mkono wa gia 7 hauelewani na mkusanyiko wa gia 8. Mkono wa zamani unaovutwa bila mlio haujali idadi, na kwa mazingira ya Mbaha huo ndio wenye faida.

Kwenye krenki, baiskeli nyingi za 28 hufungwa kwa pini ya kupigwa nyundo. Pini hizo zina unene wa milimita 9 na milimita 9.5. Nyembamba ikiwekwa kwenye tundu kubwa, krenki hucheza na kula ekseli. Aidha, pedeli ya kushoto hufungwa kinyume na ya kulia. Fundi mwanafunzi anayeilazimisha huharibu krenki nzima.

BREKI SI SUALA LA URAHISI

Baadhi ya vijana hupenda kuhamisha breki za waya za baiskeli ya gia kwenda kwenye baiskeli ya 28. Hilo haliwezekani bila kubadili gurudumu. Breki za vyuma za baiskeli ya 28 hukandamiza ringi kutoka ndani, upande wa spoki. Za waya hubana ringi ubavuni, na ringi ya baiskeli ya 28 mara nyingi ina ubavu wa mviringo usio na mahali pa kushika.

Kuweka gurudumu la 26 la milimani kwenye fremu ya 28 nako kuna kasoro. Ringi inakuwa chini kwa milimita 38, hivyo breki za vyuma haziifikii. Habu ya nyuma ya baiskeli ya gia mara nyingi ina upana wa milimita 135, nayo haiingii kwenye fremu nyembamba ya 28 bila kuipanua kwa nguvu. Pedeli nazo hushuka na kugonga mawe.

Ringi za chuma zikilowa, breki hupoteza sehemu kubwa ya nguvu. Ringi za alumini hushika vizuri zaidi kwenye mvua, na kwa mtu anayeteremka kutoka Umatengoni na mzigo nyuma, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kulipia zaidi. Lakini breki za waya za mikono mirefu, zilizoingia sokoni mwaka 1996, zinahitaji mkono wake wenye mvuto mrefu. Zikifungwa kwa mkono wa breki za zamani, hazikandamizi vya kutosha hata waya ukikazwa.

Baiskeli zenye springi nyuma hazifai kwa biashara ya mzigo. Karia haina mahali imara pa kufungwa, na springi humeza nguvu ya mpandaji mlimani.

MATUNZO KABLA YA MVUA

Mvua za kusini huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Fundi anayejali wateja huwaita mapema, afungue habu na ekseli ya pedeli, asafishe goroli kwa mafuta ya taa na kupaka grisi mpya.

Oili chafu ya gari, inayopendwa kwa kuwa ni rahisi kupatikana, hunasa mchanga wa ufukweni na kuigeuza cheni kuwa msasa. Cheni ifutwe, ikauke, ipakwe oili nyepesi, kisha ifutwe tena kwa nje.

Rula ya shule inatosha kupima uchakavu. Pingili 24 za cheni mpya ni inchi 12 kamili. Zikifika inchi 12 na moja ya kumi na sita, cheni ibadilishwe. Zikifika 12 na moja ya nane, huenda meno ya fraiwili yameshaliwa, na cheni mpya peke yake itaruka. Kuchelewesha cheni moja kunamlazimu mtu kununua vitu viwili.

Kwa wabeba mizigo, spoki za nyuma zenye unene wa milimita 2.3 hudumu kuliko za milimita 2. Mwenye duka asisahau kuhesabu matundu. Baiskeli za 28 za mtindo wa Kiingereza zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, wakati nyingi za gia za bei nafuu zina 36 kote.

HESABU YA DUKA

Bei ya spea ipimwe kwa miezi, si kwa shilingi pekee. Kwa mfano wa hesabu tu, tairi la shilingi 20,000 linalodumu miezi 5 linagharimu shilingi 4,000 kwa mwezi. La shilingi 14,000 linalodumu miezi 3 linagharimu karibu shilingi 4,700. La bei rahisi ndilo ghali, kabla hata ya kuhesabu siku ambayo dagaa walibaki njiani.

Umatengoni, fedha za kununulia baiskeli hufuata kahawa, ambayo huvunwa katikati ya mwaka na kuendelea. Mwenye duka wa mwambao anashauriwa kuwa na spea za mwendo wa haraka kabla ya hapo: tyubu za aina zote mbili, matairi ya 635 na 559, cheni pana na nyembamba, fraiwili za meno 18, 20 na 22, pini za krenki za unene wote, mipira ya breki na goroli.

Pikipiki zimechukua abiria na sehemu kubwa ya mizigo ya haraka. Lakini baiskeli hainywi petroli, na kwa mchuuzi wa ndoo mbili za dagaa bado ndiyo inayomwachia faida. Faida hiyo hulindwa siku ya kununua. Anayekwenda sokoni aandike kwenye karatasi namba tatu za ubavuni mwa tairi, idadi ya gia za nyuma na idadi ya spoki, kisha apite kwanza kwa muuza spea. Akikuta vitu hivyo viko, ndipo aende kuulizia bei ya baiskeli.