Watamu: Ukuta wa matumbawe unaolisha miji ya pwani

WAGENI wanaozuru Watamu, katika kaunti ya Kilifi, huvutiwa kwanza na mchanga mweupe na maji matulivu ya ghuba zake. Ni wachache wanaojiuliza sababu ya utulivu huo, hasa msimu wa kusi ambapo Bahari Hindi huchafuka.

Jibu limo baharini. Mbele ya ufuo kuna mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi kabla hayajafika nchi kavu. Matumbawe si mawe matupu. Hujengwa na viumbe wadogo wanaoishi pamoja na mimea midogo mno, ambayo huwapa chakula na rangi.

Ili kuyalinda, serikali iliunda mbuga za bahari za Watamu na Malindi mwaka wa 1968. Uvuvi ulipigwa marufuku ndani ya mbuga hizo. Wavuvi walipoteza baadhi ya maeneo waliyorithi kwa mababu zao, ingawa samaki wanaokomaa humo huvuka mpaka na kunaswa nje.

Kusini mwa Watamu kuna hori la Mida, lenye mikoko mingi. Mizizi yake huzuia matope yasifunike matumbawe, na samaki wachanga hujificha humo hadi wanapokua. Ada wanazolipa watalii wanaopita juu ya daraja la kamba huko Mida husaidia kulipia karo wanafunzi wa vijiji vya karibu.

Hivyo basi, mashua za watalii, soko la samaki, hoteli na hata darasa hutegemea mwamba ule ule. Ndiyo maana mwaka wa 1998 haujasahaulika. Joto la bahari lililoandamana na El Niño liliwafanya viumbe hao waitoe mimea inayowalisha. Matumbawe yalipauka na sehemu kubwa ikafa. Mwamba uliokufa humomonyoka, na mawimbi hupata njia.

Kilomita chache kutoka ufuoni, magofu ya Gede yanaonyesha kwamba neema huweza kuondoka. Mji huo wa Waswahili, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2024, ulikuwa na misikiti, kasri na bidhaa kutoka Uchina. Wakazi waliuhama katika karne ya 17. Kukauka kwa visima na mashambulizi ni miongoni mwa sababu zinazotajwa na watafiti.

Wakazi wa Watamu hawawezi kulizuia joto la dunia peke yao. Hata hivyo, matumbawe yasiyokanyagwa, yasiyotupiwa nanga wala kumwagiwa maji machafu yana nafasi bora ya kupona joto linapopungua. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa Watamu, hata hivyo, haujengwi na fundi yeyote, na huchukua miaka mingi kuinuka tena.