Mhusika Huzaliwa au Hujichagulia? Vitabu vya Zamani na Vipya vya Dungeons & Dragons

Mpenzi msomaji, mchezo ninaotaka kukueleza leo si kati, si bano, wala si drafti ya vifuniko vya soda. Unaitwa Dungeons & Dragons, na sisi vijana wanne wa hapa Umoja na Kayole tumeufupisha tukauita DD. Watu wengi shuleni wamekuwa wakiniuliza, "Hiyo kitu mnacheza kwa ngazi za ploti ni nini, na mbona mnabishana hivyo?" Nimeonelea heri nijibu mara moja kwa kalamu.

Kama umesoma fasihi simulizi darasani, basi nusu ya mchezo unaijua tayari. Kuna fanani mmoja na hadhira ya watu watatu au wanne. Tofauti ni kwamba hadhira hii hainyamazi. Kila mmoja ana mhusika wake ndani ya hadithi: mpiganaji, mchawi, kasisi au mwizi. Fanani akisema, "Mmefika mlangoni mwa pango, na ndani mwasikia kitu kikikoroma," ni wewe utakayesema kama unaingia, unatoroka au unawasha mwenge. Jambo likiwa na hatari, dadu hutupwa ili kuamua. Hakuna mshindi mmoja. Mnaokoka pamoja au mnaangamia pamoja.

Dadu zenyewe ni za ajabu kidogo. Kuna ya pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Usitishike, ndugu yangu. Sisi tunayo ile ya ludo tu, na hizo nyingine tunatumia vipande vya karatasi vyenye nambari ndani ya mkebe. Hata kule Marekani mwaka 1979 dadu ziliadimika, na kampuni iliyouza mchezo huu ikatia vipande vya kadibodi vyenye nambari ndani ya boksi. Kwa hivyo asikucheke mtu.

Sasa, ubishi wetu unatoka wapi? Unatokana na vitabu. Mchezo huu una kanuni za zamani na kanuni mpya, na hazisemi mamoja.

Historia kwa ufupi

Mchezo ulitungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukatoka mwaka 1974 katika vijitabu vitatu ndani ya boksi. Kampuni iliyouchapisha iliitwa TSR. Kati ya 1977 na 1979 vikaja vitabu vinene vilivyoitwa Advanced. Sambamba navyo palikuwa na boksi jepesi la wanaoanza, na lile la 1981 ndilo wazee wa mchezo hulisifu mno. Toleo la pili la Advanced lilifuata 1989. Mwaka 1997 TSR ilinunuliwa na Wizards of the Coast, nao wakatoa toleo la tatu mwaka 2000, la nne 2008 na la tano 2014. Hilo la tano ndilo lililofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2024.

Ukivisoma vitabu hivi kimoja baada ya kingine, utaona vinabishania swali moja: ni kitu gani kinachoamua mtu atakuwa nani? Ni bahati, ni damu, au ni chaguo lake mwenyewe? Swali hilo, msomaji, sisi wa Eastlands hatuhitaji kulisoma katika kitabu cha mchezo.

Bahati ya kuzaliwa

Kila mhusika ana alama sita: nguvu, wepesi, siha, akili, busara na mvuto. Katika kanuni za 1981 unatupa dadu tatu za kawaida na kujumlisha, mara sita kwa mfuatano, kuanzia nguvu hadi mvuto. Nafasi ya kupata 18, alama ya juu kabisa, ni 1 katika 216. Piga hesabu mwenyewe: 6 mara 6 mara 6.

Tena mambo hayaishii hapo. Alama ile kuu ya kazi yako, kama vile akili kwa mchawi, ikiwa 16 au zaidi, unaongezewa asilimia 10 ya alama za tajriba unazochuma. Ikiwa 5 au chini, unakatwa asilimia 20. Ama kweli mwenye nacho huongezewa! Aliyezaliwa na mkosi anaanza nyuma, na kila siku anazidi kuachwa.

Toleo la 2014 lilibadilisha mambo. Ukitaka, unatupa dadu nne na kuiacha ile ndogo, kisha unapanga alama unavyopenda. Au huitupi hata moja, unachukua tu 15, 14, 13, 12, 10 na 8 na kuzigawa utakavyo. Yaani wote mnaanza mbio kwenye mstari mmoja.

Damu na kabila

Hapa ndipo ubishi wetu huwa mkali. Katika hadithi za DD kuna binadamu, kuna maelfi wa msituni (si elfu ile ya noti), kuna vibete wa milimani na halflingi, watu wadogo wapendao starehe. Katika kanuni za 1981, binadamu pekee ndiye aliyechagua kazi. Kibete alikuwa kibete basi, na hiyo ndiyo kazi yake. Tena alikuwa na kikomo. Kibete hakupita daraja la 12, elfi la 10, na halflingi la 8, hata angetia bidii namna gani.

Kitabu cha Advanced cha 1978 kiliongeza jambo jingine. Mhusika wa kike aliwekewa kikomo cha nguvu kilicho chini ya cha mwanamume wa jamii yake. Halflingi wa kiume aliweza kufika 17, wa kike 14. Dada mmoja wa Kidato cha Pili anayecheza nasi, ambaye hubeba mtungi wa lita 20 kutoka chini hadi orofa ya nne kila asubuhi, alisoma ukurasa huo akauliza, "Aliyeandika hii aliwahi kuishi na msichana kweli?" Tulicheka, lakini alikuwa na haki. Kanuni hiyo iliondolewa katika toleo la 1989. Vile vikomo vya daraja viliondolewa mwaka 2000.

Hata hivyo, kabila liliendelea kukupa au kutokukupa. Mwaka 2014 elfi bado aliongezewa wepesi kwa kuwa elfi. Ni marekebisho ya 2024 yaliyokata kamba hiyo. Sasa nyongeza ya alama hutokana na maisha uliyoishi kabla ya safari: ulikuwa mkulima, askari, mwandishi au mhalifu. Siyo damu yako, ila kazi ya mikono yako. Katika ploti yetu mna Mkamba, Mluo, Mkikuyu, Mluhya na Msomali, wote wakipanga foleni moja ya maji. Kanuni hiyo tuliielewa bila kufafanuliwa.

Kifo na faida

Lakini msomaji, usije ukafikiri ya kale yote ni mabaya. Mwaka 1981 mchawi wa daraja la kwanza alikuwa na alama za uhai 1 hadi 4 na uganga mmoja tu kwa siku. Goblini, jini dogo la pangoni, hupiga kwa alama 1 hadi 6. Kofi moja laweza kumtoa roho! Alama zikifika sufuri, umekufa, chukua karatasi nyingine. Katika toleo la tano, ukifika sufuri unazirai. Unatupa dadu ya pande 20 kila zamu: 10 au zaidi ni afueni, chini yake ni hasara. Afueni tatu zinakutuliza, na hasara tatu ndizo zinazokuua. Mara nyingi mwenzako atakuwa ameshakuponya. Kufa siku hizi, jo, ni kazi.

Tajriba nayo ilihesabiwa vingine. Zamani kila kipande kimoja cha dhahabu ulichotoa pangoni na kukifikisha nyumbani kilikupa alama 1, ilhali kumuua goblini kulikupa 5 tu. Basi mwerevu hakupigana. Alinyemelea, akahonga, akadanganya, akachukua mfuko wa dhahabu mia na kutokomea. Katika toleo la tano goblini mmoja ni alama 50, na kupanda daraja la pili kunahitaji 300 tu. Mchezo unakuambia nini? Piga! Sisi tulijaribu pango lilelile kwa kanuni zote mbili. Kwa zile za zamani tulikaa robo saa tukipanga namna ya kumpita mlinzi. Kwa zile mpya tuliingia tukipiga kelele.

Kwa upande wa hesabu, toleo jipya limeshinda wazi. Zamani kinga yako ilipungua nambari kadiri ilivyozidi kuwa bora: asiye na vazi la vita alikuwa na 9, na mwenye deraya nzito na ngao 2. Mtoto mgeni huchanganyikiwa. Tangu mwaka 2000 nambari kubwa ndiyo kinga kubwa, na ukitupa dadu ukaifikia, umempata adui.

Tucheze lipi?

Kwa maoni yangu, kuzaliwa kuchukuliwe kutoka vitabu vipya, na hatari itoke vitabu vya zamani. Ndivyo tunavyocheza sasa. Mtu asifungwe na damu yake wala dadu ya kwanza. Lakini akishachagua njia, njia hiyo iwe na miiba. Babu zetu walilijua hilo. Fumo Liyongo alikuwa jabali, lakini sindano ya shaba kitovuni ilimmaliza. Lwanda Magere mwili wake haukupenyeka, lakini kivuli chake kilipenyeka. Kama mashujaa hao wasingeweza kufa, nani angekaa kusikiliza hadithi zao hadi usiku wa manane?

Kuhusu gharama, usijali. Kanuni za msingi za toleo la 2014 zimewekwa huru kwa wote tangu Januari 2023, na zile za 2024 tangu Aprili 2025. Kwa mtindo wa zamani kuna mchezo uitwao Basic Fantasy, uliotoka 2007, nao hupatikana bure kwenye intaneti. Kurasa chache za kuchapisha saiba zinatosha watu watano.

Neno langu la mwisho ni kwa Chama cha Kiswahili. Sisi wa shule ya kutwa tuna muda mchache baada ya kengele ya jioni, kwani giza likiingia kila mzazi anataka mtoto wake nyumbani. Lakini saa moja ya Ijumaa yatosha pango dogo. Fanani aeleze kwa Kiswahili sanifu, na mchezaji akichanganya ndimi apoteze zamu. Mtaona maneno yatakavyochimbuliwa: deraya, podo, ala, mwenge, handaki. Atakayekuwa tayari anitafute darasani, Kidato cha Tatu. Aje na penseli, karatasi na dadu ya ludo. Mkebe ninao.