Kasha la Risasi

Baba yake Portia aliacha wosia: atakayemwoa bintiye ni yule atakayechagua kasha lenye picha yake kati ya matatu, moja la dhahabu, moja la fedha, la tatu la risasi. Mwanafunzi wa sanaa za maonyesho chuoni, aliyepewa kazi ya kuichambua matini ya Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili, ili amshauri mwongozaji kabla mazoezi hayajaanza, inafaa atue hapo. Risasi ndilo jina halali la madini yale. Ila mtazamaji wa Dar es Salaam akilisikia, linalomjia kwanza ni bunduki. Bassanio, mmoja wa wachumba, anasogelea kasha moyo ukimdunda, na ukumbi unaangua kicheko pale ulipotakiwa kushikilia pumzi.

Dawa si lazima iwe neno jingine. Kasha lipakwe rangi ya kijivu iliyofifia, na mtumishi alilete jukwaani likimwelemea. Mtazamaji akiuona uzito ule kwa macho yake, bunduki itamtoka akilini.

Fedha nayo ina maana mbili, lakini hiyo ni neema. Bassanio anaikataa fedha kwa sababu ndiyo inayotumwa huku na huko baina ya watu, yaani ndiyo sarafu. Katika Kiingereza inabidi aeleze. Katika Kiswahili neno lenyewe limeshasema. Mwigizaji asilipite mbio.

Jina la mchezo ndilo lenye mazito zaidi. Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja, Antonio. Mwalimu Nyerere, katika tafsiri iliyotoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliwafanya wengi, akawaita mabepari: neno lenye asili ya Kihindi, lililomaanisha wafanyabiashara kabla siasa haijalichukua. Nauona wingi huo kuwa msaada mkubwa. Katika hadhira ambayo wengi wamelelewa wakijua kuwa riba ni haramu, Shylock, Myahudi anayekopesha kwa riba, anaweza kuhukumiwa kabla hajafungua kinywa, na mwongozaji mvivu atafurahi. Wingi unamkatalia. Merikebu za Antonio, riba ya Shylock, na Bassanio anayekopa dukati 3,000 ili akamchumbie mrithi tajiri, vyote vinaingia kapu moja, na kicheko hakimwelekei tena Myahudi peke yake.

Mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare wa mwaka 1623 uliupanga mchezo huu miongoni mwa komedi. Kicheko kigumu kuliko vyote kimo mahakamani. Shylock amepoteza nusu ya mali, ameamriwa abadili dini, anaomba aruhusiwe kuondoka kwa kuwa hajisikii vizuri. Gratiano, rafiki wa Bassanio, anamsindikiza kwa dhihaka. Hapo, pembeni mwa nakala ya mazoezi, mwanafunzi aandike kwa penseli: hatua zake zisikike hadi zipotee, mlango ufungwe, ndipo mtu mwingine aseme.