Mirembe si tusi

Kijiweni, mtu akitaka kumnyamazisha mwenzake humwambia, "Wewe ni wa Mirembe." Watu hucheka, kahawa inaendelea kumiminwa. Asiyecheka ni mzazi mwenye binti wa kidato cha pili ambaye wiki ya pili sasa halali, haogi, na usiku anajibizana na watu wasioonekana.

Mzazi huyo atazunguka kwanza. Ataombewa, atasomewa, atakwenda kwa mganga, huku majirani wakiambiwa mtoto ana malaria iliyompanda kichwani. Hospitali ile ya Mirembe iliyopo Dodoma, inayotibu wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927, huwa ya mwisho kwenye orodha. Mtoto akifika huko, ugonjwa umeshaota mizizi.

Ujana ndio umri wenyewe wa maradhi haya. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Wengi wao hawahitaji kulazwa. Hutibiwa kliniki na kurudi nyumbani. Kitanda ni cha yule aliye katika hatari ya kujidhuru au kudhuru wengine, aliyegoma kula, au aliyechanganyikiwa kiasi cha kuwashinda watu wa nyumbani kwake.

Siku ya kulazwa ina uchungu wake. Muuguzi hufungua begi la mtoto na kutoa mkanda, wembe, hata kamba za viatu, kisha humkabidhi mama arudi navyo. Mama huona kama mwanawe anaingizwa mahabusu. Kumbe anakingwa tu, mpaka wimbi lipite.

Kisha huja vipimo. Daktari haicheki ile habari ya malaria, kwa sababu malaria kali hushambulia ubongo kweli. Ataipima, ataulizia kifafa, ataulizia bangi na pombe, ndipo aseme ugonjwa ni upi. Dawa hutolewa mbele ya muuguzi: meza, kunywa maji, fumbua mdomo, inua ulimi. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na hazitoshi peke yake. Mtoto anahitaji usingizi, chakula, mtu wa kuzungumza naye bila kumhukumu, na wazazi waelezwe ugonjwa ulivyo.

Tusijidanganye, kasoro zipo. Wodi za vijana peke yao ni chache Afrika Mashariki, na mtoto wa miaka 15 hapaswi kulazwa kitanda cha jirani na mtu mzima aliyechanganyikiwa. Sheria nayo inatisha. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, hivyo familia huficha jambo ambalo daktari alipaswa kulijua mapema. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba.

Lakini mtihani mkubwa huanza siku ya kuruhusiwa. Kijana akipata nafuu, nyumbani husema amepona, dawa zinaachwa, kliniki inasahauliwa. Shuleni anapachikwa jina. Baada ya miezi michache anarudi wodini, safari hii amedhoofu zaidi.

Mtoto akilazwa kwa malaria, majirani huja na chupa za uji. Akilazwa kwa ugonjwa wa akili, hakuna anayegonga mlango. Basi mzazi, ukiona mwanao amebadilika, halali, amejitenga au anazungumzia kufa, usizunguke: mpeleke kituo cha afya leo, na usimwache peke yake. Na wewe jirani, ukisikia amelazwa, beba uji wako uende.