Bakteria wanakula sumu ya plastiki, lakini si mdomoni mwa mtoto

Nani katika sisi hajaguswa na mzigo uliotoka Yide Lu? Hata kama hujafika Guangzhou, vichezeo vingi unavyomnunulia mjukuu pale Mutrah au Deira vimepitia masoko kama hayo. Kuna maduka ya jumla ya midoli, kuna samaki wakavu na majongoo ya bahari kama yale ya pwani yetu, na pembeni limesimama kanisa kubwa la mawe lililomalizika 1888. Mimi niliyesoma sekondari kwa mapadri nilisimama kuliangalia, mpwa wangu akanivuta: "Mjomba twende bwana, maduka yatafungwa."

Huko dukani mwanasesere mmoja alikuwa na bei mbili. Mwenye karatasi ya maabara ghali, asiye na karatasi rahisi. Mpwa wangu macho yote kwa yule rahisi. Nikamwambia, plastiki ile laini, PVC, hulainishwa kwa mafuta yaitwayo thaleti, na huweza kufika asilimia 40 ya uzito wake. Hayakushikamana na plastiki, yanatoka kidogo kidogo, na mtoto anayanyonya. Yale mabaya, kama DEHP, huvuruga homoni. Wala usinuse ukadhani umepima, DEHP haina harufu ya maana.

Akanijibu: "Lakini mjomba, si nimeona video, kuna bakteria wanakula plastiki?"

Wapo kweli. Mwaka 2016 wataalamu wa Japani walimtangaza Ideonella sakaiensis, aliyepatikana kwenye kiwanda cha kurejeleza chupa mji wa Sakai. Ana vimeng'enya viwili, kimoja kinakata, cha pili kinamalizia. Utando mwembamba waliompa aliumaliza karibu wote kwa wiki sita. Lakini ile ni PET, plastiki ya chupa za maji. Mwanasesere hahusiki.

Thaleti nayo ina walaji wake, akina Rhodococcus na Gordonia, wanaoishi kwenye udongo na maji machafu. Kimeng'enya ni kama mkasi, na kila mkasi una uzi wake. Thaleti ina mikia miwili. Mkasi unakata mkia wa kwanza, halafu wa pili, inabaki pete ngumu ya kaboni sita. Hapo kinakuja kimeng'enya kingine, kinachukua oksijeni na kuipachika kwenye pete, pete inalegea, inapasuliwa, na bakteria anaila kama sisi tunavyokula wali. Mwisho wake ni kaboni dayoksaidi na maji. Mimi jambo hili hunistaajabisha kila nikilifikiria, Subhanallah.

Ila kazi hiyo inataka oksijeni. Ndani ya tope zito la mto hewa hakuna, basi kazi inakwenda polepole mno. Sisi wa Ghuba tumeliona hilo: mafuta yaliyomwagika 1991 wakati wa vita vya Kuwait, ya juu bakteria waliyala mengi, lakini yaliyozama kwenye matope ya ufuko wa Saudia yalikutwa bado yapo zaidi ya miaka kumi baadaye. Sasa mtoto wa miezi minane atamsubiri bakteria gani?

Mpwa wangu alinuna, lakini alichukua wenye karatasi, katoni chache kuliko alizokusudia.

Kwa wanaonunua: China yenyewe tangu 2016 imeweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa thaleti hizi kwenye vichezeo, kwa hiyo kuomba karatasi si kumtukana muuzaji. Hakikisha namba ya modeli kwenye karatasi ni ile ile ya kwenye boksi. Na huku kwetu tafuta alama ya G ya nchi za Ghuba.

Na ile midoli ya zamani iliyoanza kunata mikononi, itoe, lakini jamani msiichome uani. PVC ikiungua hutoa dioksini. Nazo zina bakteria wao, lakini hao ni wavivu kuliko hawa wote.